Mpaka Titi Lisahaulike

Alama yangu ya juu kabisa chuoni niliipata kwa kumwogesha mtoto wa mpira. Alikuwa mwanasesere aliyeletwa kutoka Uingereza, macho ya buluu, kichwa hakina unywele, na kisogoni ana kitundu ambacho maji yakiingia yanavuja wiki nzima. Tulikuwa wasichana ishirini na wanne, sote tukisomea ualimu wa shule za msingi. Somo la malezi lilikuwa la lazima kwetu, kwa kuwa serikali mpya, tuliambiwa, ilitaka walimu wa kike watakaowafundisha akina mama vijijini usafi na lishe. Kila mmoja alipewa beseni na dakika kumi. Wenzangu walimshika yule mwanasesere kama mtu anayeepua sufuria bila kitambaa. Zamu yangu ilipofika nilipima maji kwa kiwiko, nikamlaza juu ya mkono wa kushoto, nikamshika kwapani kwa vidole, nikaanza na mikunjo ya shingo, nikamgeuza, nikamkausha hadi nyuma ya masikio. Wala sikufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe.

Mwalimu wa somo hilo, Mzungu mrefu ambaye pia ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo, aliwaita wengine wasogee waone.

"Umejifunza wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani, Madam. Nina mdogo wangu."

Akaandika kitu kwenye daftari lake, akatabasamu. Chini ya sare nilikuwa nimejifunga kipande cha kanga kifuani, nimekikaza mpaka kupumua kukawa kazi, maana maziwa yangu yalikuwa hayajakauka. Mwanangu wa kweli alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa nyumbani kwetu upande wa Shinyalu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka pale chuoni, na sijui kama siku hiyo aliogeshwa.

Nilimzaa baada ya kumaliza darasa la nane. Baba yake alikuwa mpima mashamba, kijana wa mbali aliyekuja na minyororo yake na vigingi wakati watu wa kwetu walipokuwa wanaanza kugawiwa ardhi kwa karatasi. Aliweka mipaka kwenye shamba la kila mwanamume wa kijiji, ila yeye mwenyewe hakuna aliyemwekea mpaka. Kazi ilipokwisha alikunja minyororo akaenda zake, na barua mbili nilizoandika zilirudi bila kufunguliwa. Siku bendera mpya ilipopandishwa, watu wa kwetu walishuka Kakamega mjini wakiimba, hata vikongwe walienda. Mimi nilibaki jikoni, nilikofichwa tangu mimba ilipoanza kuonekana, na mtoto wa majuma matatu, nasikia ngoma kwa mbali, namkausha nyuma ya masikio.

Mwaka uliofuata barua ya chuo ikaja. Ilikuwa na fomu, na kwenye fomu palikuwa na swali: una mtoto? Kila mtu alijua chuo hakichukui msichana aliyezaa. Baba yangu alikuwa amekufa mwaka ule niliozaa, kaka na dada zangu wana nyumba zao, na mle ndani tulikuwa watatu tu, mimi, mama na mtoto. Niliishika kalamu nikamtazama mama. Mama hakujua kusoma, lakini nilimsomea swali lile mara mbili, akaelewa vizuri kuliko mimi.

"Andika hakuna," akasema. "Huyu atakuwa wangu. Mimi bado nazaanga, nani ataniuliza?"

Mama alisema Kiluhya, ila naandika kwa Kiswahili chetu cha huku, maana ndicho kinachokaribia zaidi namna yake ya kusema. Na ni kweli, alikuwa hajazeeka. Mtu angemwona na mtoto mgongoni asingeshangaa. Niliandika hakuna. Niliandika kwa mwandiko mzuri, kwa sababu nilijivunia mwandiko wangu.

Sasa nieleze jambo la kwetu, kwani bila hilo hadithi hii itaonekana kama ya msichana mwenye roho mbaya, na ingawa roho yangu si nzuri sana, haikuwa mbaya kiasi hicho. Kwetu mtoto akiachishwa kunyonya huachwa kwa nyanya yake, kwa kukhu, na mama yake hujificha mpaka titi lisahaulike. Asionekane hata kidogo. Akionekana kabla ya wakati, kazi yote imeharibika: mtoto ataanza kulia upya, atakataa uji, na wazee walisema anaweza kuugua. Kwa kawaida mwanamke hukaa ng'ambo ya mto, kwa dada au shangazi, majuma mawili, ikizidi sana matatu, kisha anaitwa, anarudi, na mtoto anamkimbilia akiwa amesahau titi lakini hajamsahau mwenye titi. Wote tuliachishwa hivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza ingekuwaje kama majuma yangekuwa miezi, maana hakuna mama aliyewahi kwenda muda mrefu namna hiyo. Desturi ile iliwekewa wanawake wanaovuka mto, haikuwekewa wanaokwenda chuo. Sisi tuliitumia hivyo hivyo.

Asubuhi ya kuondoka nilipaka mshubiri kwenye chuchu, nikampa mara ya mwisho. Akakunja uso, akatema, akaniangalia kama niliyemwibia kitu. Mama akambeba akampeleka nyuma ya nyumba kuona vifaranga.

"Usimuage," akaniambia. "Wewe enda."

Nilijitwika sanduku langu la bati nikatoka nyumbani kwetu kama mwizi wa kuku, huku nikisikia anacheka huko nyuma kwa sababu ya vifaranga.

Chuo kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Vitanda vya chuma, maktaba yenye madirisha makubwa, chakula mara tatu kwa siku. Nilipenda hesabu na nilipenda kusimama mbele ya ubao. Mara nyingine saa nzima ilipita sijamkumbuka mtoto, halafu nilipomkumbuka nilijichukia, na kwa kujichukia nikakosea hesabu. Mshika mbili moja humponyoka, watu husema, kana kwamba mtu hushika mbili kwa tamaa. Mimi sikuwa na tamaa. Bila ualimu mwanangu angekua akivaa matambara kwa mjane asiye na kitu, na mimi ningeolewa mke wa tatu na mzee yeyote aliye tayari kufumba jicho moja. Hizo ndizo njia zilizokuwepo.

Mwezi wa pili tuliruhusiwa Jumamosi moja kwenda nyumbani, turudi kabla ya jua kutua. Sikuweza kuvumilia. Nilitembea zile saa tatu karibu kwa kukimbia. Mtoto aliniona tangu kwenye kona ya ua, akaanguka, akainuka, akaja. Mama alinipigia kelele niende nikajifiche, lakini nilikuwa nimekwisha kukaa chini katikati ya uwanja na kufungua vifungo. Alinyonya kama mtu aliyetoka jangwani. Tulikaa hivyo saa moja, ikawa lazima niondoke. Kilio chake nilikisikia mpaka barabarani, na baada ya hapo sikuwa na hakika kama nakisikia bado au ni kichwa changu.

Aliharisha majuma mawili. Mama alimwomba katekista anayekuja mjini aniletee maneno. Yule bwana alinikuta kwenye lango la chuo, akayatoa kama mtu anayesoma tangazo kanisani: "Mama yako amesema, mtoto anakufa kwa sababu alikuona. Usirudi mpaka akuite."

Sikurudi. Likizo ya Aprili wenzangu walikwenda makwao, mimi nilikwenda kwa shangazi ng'ambo ya mto, dakika arobaini kutoka kwetu. Nilikuwa nimeahidi sitaonekana, na sikuonekana. Lakini kuona sikuwa nimekatazwa. Siku ya tatu nilivuka mto nikaingia kwenye shamba letu la mahindi. Yalikuwa yamefika kiunoni tu, ikanibidi nichuchumae, mwalimu mtarajiwa mzima, magoti yangu kwenye matope. Nilimwona. Alikuwa amerefuka. Alikuwa anamfukuza jogoo kwa kijiti, akajikwaa, akaanguka kifudifudi. Nilijikuta nimesimama nusu.

"Mama!" aliita.

"Eee," mama yangu akaitika kutoka jikoni. Akatoka, akamwinua, akamfuta mavumbi, akampuliza goti. Kisha alitazama moja kwa moja kwenye mahindi, mahali nilipokuwa, akageuza uso akarudi ndani na mtoto. Alijua nipo. Nilirudi kwa shangazi, nikasema nimetoka kuchota maji, na shangazi akanitazama mikononi, akaona hakuna mtungi.

Chuoni tulikuwa na somo la ufumaji. Wengine walifuma soksi na vitambaa vya meza, mimi nilifuma sweta za mtoto. Ya kwanza nilifuma nikimpima kwa kumbukumbu, kifua chake nilivyokuwa nakishika kwa viganja viwili. Niliituma nyumbani kwa mkono wa katekista, nikaletewa habari kwamba haikupita kichwani. Nikafuma ya pili, nikaongeza nyuzi. Ilipomfika ilimbana kwapani. Ya tatu nayo hivyo hivyo. Mwanangu alikuwa anakua kwa haraka kuliko nilivyoweza kumkumbuka, na watoto wa jirani wakavaa sweta nzuri za bure.

Mama aliniita mwezi wa nane. Nilifika mchana, nimevaa gauni safi, nimekunywa maji njiani ili sauti isikauke. Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya mama, anachungulia.

"Msalimie dada," mama akamwambia.

Tulikuwa tumekubaliana neno hilo. Wasichana wawili wa chuo walikuwa na ndugu zao pale pale kijijini, na neno la mtoto kuniita mama lingefika chuoni kabla yangu. Tulikubaliana ni kwa muda tu. Akatoka kwenye sketi, akanipa mkono, akainamisha kichwa kwa adabu jinsi watoto wanavyofundishwa kumsalimia mgeni.

"Dada, mulembe," akasema.

Titi lilikuwa limesahaulika vizuri sana. Mama alinitengenezea kuku siku hiyo, ingokho mzima na obusuma, ugali wa wimbi, chakula anachopewa mgeni. Nilikula nikihesabu kichwani: umebaki mwaka mmoja na miezi minne. Nitamaliza, nitapewa shule, nitamchukua, tutakuwa na nyumba yetu, atajua. Hesabu ilikuwa sahihi. Mimi nilikuwa hodari wa hesabu.

Mwaka wa pili, wakati wa baridi ya mwezi wa sita, mtoto alishikwa na homa isiyoshuka. Mama alimbeba mgongoni njia yote mpaka kwenye zahanati iliyokuwa karibu na chuo, kisha akaja langoni kuniulizia, kwa sababu hakujua Kizungu wala hakutaka kusimama peke yake mbele ya dresa, yule mtoa dawa. Nilikuwa darasani. Mkuu wa chuo mwenyewe alikuja kuniita. Akaniambia nina ruhusa ya saa mbili, mdogo wangu ni mgonjwa, kisha akanisindikiza mpaka langoni.

Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe, mtoto amelala begani kwake, midomo imekauka. Mkuu aliinama akamtazama usoni. Akanitazama mimi. Akamtazama tena.

"Mmefanana sana," akasema kwa upole. Akanyamaza, akangoja.

Ilikuwa mimi na yeye tu hapo, na mama asiyejua lugha ile. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa karibu. Nimeurudia ule ukimya maishani mwangu mara nyingi kuliko nilivyorudia sala yoyote.

"Ndiyo, Madam," nikajibu, kwa Kiingereza safi alichonifundisha yeye mwenyewe. "Ndiye kitinda mimba wetu."

Petro alikana mara tatu akalia. Mimi nilikana miaka miwili mfululizo, na siku hiyo hata sikulia, nilikuwa na haraka ya kwenda zahanati.

Foleni ilikuwa ndefu. Mama alikuwa amechoka kwa kumbeba, akaniwekea mtoto mapajani, akaegemea ukuta. Mtoto alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni. Hakuwa macho, hakuwa usingizini. Nilikuwa nimevaa sare ya chuo, blauzi nyeupe yenye vifungo mbele. Nikahisi mkono wake unapanda taratibu, ukapita kati ya vifungo viwili, ukaingia, ukatulia juu ya titi langu. Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoukumbuka. Ulijua njia. Alipumua kwa nguvu mara moja, halafu pumzi yake ikatulia, na nikahisi mwili wake wote unalegea mapajani mwangu.

Mbele yetu kwenye foleni alikuwa mke wa mpishi wa chuo. Aligeuka kutafuta mahali pa kukaa, macho yake yakapita juu yetu.

Niliutoa ule mkono. Sikuuvuta kwa nguvu, niliutoa tu, nikafunga kifungo, nikauweka juu ya goti lake. Hakulia. Alifungua macho, akaniangalia kwa muda, macho mekundu ya homa, kisha akamnyooshea mama mikono yote miwili. Mama akamchukua. Alipigwa sindano, akapona kwa siku tano. Mke wa mpishi hakuwahi kusema kitu. Labda hata hakuona. Nimefanya makosa mengi, mengine nimeyaungama kanisani, mengine nimeyacheka, lakini hilo la kuutoa ule mkono silipatii mahali pa kuliweka.

Nilimaliza chuo wa pili katika darasa, na katika somo la malezi nikawa wa kwanza. Siku ya kuondoka mkuu wa chuo alituita mmoja mmoja ofisini kutupa mkono wa kwaheri. Aliniuliza kama mdogo wangu amepona. Nikasema amepona. Akafunga daftari.

"Hakuna dada anayekausha nyuma ya masikio," akasema. "Nilijua tangu siku ya beseni. Pale langoni nilikuwa nangoja useme. Ulikuwa umebakiza miezi michache tu, nisingekufukuza."

Nilimwambia asante, Madam, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kusema tukitoka ofisini.

Serikali ilinipa shule upande wa Shianda, huko kwenye miwa. Nilipewa chumba kimoja chenye paa la bati nyuma ya shule. Nilinunua kitanda kidogo kwa seremala kabla hata ya kununua changu. Kisha nikaenda Shinyalu kumchukua mtoto wangu. Alikuwa na miaka mitatu na ziada. Mama alimfungia nguo zake kwenye kitambaa, akamwambia anakwenda kutembea kwa dada, atakula miwa.

Siku ya kwanza alikula miwa. Siku ya pili aliuliza tunarudi lini. Jioni ya siku ya nne nilimkalisha kitandani nikamweleza, kwa maneno niliyokuwa nimeyatayarisha kama somo, kwamba yule wa Shinyalu ni kukhu, na kwamba mama yake ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni dada," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mjinga bila kutaka kumuudhi. Akavaa viatu vyake, mguu wa kulia kwenye kiatu cha kushoto, akaenda kusimama barabarani.

Alisimama pale kila siku. Nikitoka darasani saa sita namkuta amesimama, uso umeelekea upande tuliotokea. Akaacha kula. Nilimpikia uji wa wimbi na maziwa, mayai, kunde zilizosagwa, vyote nilivyoandika kwenye mtihani, kwa kiasi nilichoandika. Alifunga mdomo. Nikambembeleza, nikamtisha, siku moja nikamchapa, ndiyo, nikamchapa, nikapiga na ukuta kwa mkono huo huo. Mwezi wa pili nywele zake zikaanza kupoteza weusi. Nikibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo linabaki. Niliijua picha ile. Ilikuwa ukutani chuoni, na mimi ndiye niliyeandika maelezo yake kwa mwandiko wangu mzuri.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kiislamu aliyeuza sukari guru sokoni, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja alisimama mlangoni.

"Asalaam aleikum, mwalimu. Usiniudhikie. Huyu mtoto ana msiba."

"Msiba wa nani? Hakuna aliyekufa."

"Kwake yeye amekufa mtu. Mrudishe kwa mama yake, inshallah atapona."

"Mimi ndiye mama yake," nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza duniani niliyemwambia maneno hayo, muuza sukari guru, mlangoni, miaka mitatu baada ya kuzaa.

Hakushtuka. Aliweka ungo wake chini, akamtazama mtoto, akanitazama.

"Basi mrudishe kwa yule anayemjua," akasema.

Nilimrudisha Jumamosi hiyo. Tulipofika kwenye kona ya ua alijing'oa mkononi mwangu. Alikuwa dhaifu, miguu imevimba, lakini alikimbia. Alianguka, akainuka, akaenda. Nilikuwa nimewahi kuona mbio zile, kona ile ile. Mama alikuwa amekaa katikati ya uwanja anapepeta mtama, akautupa ungo, akampokea, wakabaki hapo chini wamekumbatiana, mtoto analia na mama yangu analia, na mimi nimesimama na kitambaa cha nguo. Baadaye mama alinijia jikoni. Alikuwa hajawahi kuniomba msamaha kwa jambo lolote, wala sikutegemea.

"Nilikuambia asahau titi," akasema. "Sikukuambia asahau wewe. Mimi sikujua inaendanga pamoja."

Mtoto alipona kwa mwezi mmoja. Sikumchukua tena.

Nilifundisha miaka mingi, upande wa Shianda, halafu Bukura, halafu karibu na nyumbani. Nimewafundisha watoto wa watu kusoma kwa mamia, wengine bado hunisimamisha mjini Kakamega kunipa mkono. Nilikwenda Shinyalu kila likizo, nikiwa dada mwenye zawadi. Sikuolewa na sikuzaa tena, na msinionee huruma kwa hilo, nililitaka mwenyewe. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mimi niliona nimekwisha kuonyesha kazi yangu ilivyo.

Mwanangu alipofika miaka kumi na minane nilimwambia. Tulikuwa tunachuma majani chai kwenye kishamba cha mama, yeye mstari wake, mimi wangu. Nilisema kila kitu bila kusimama, mikono inachuma. Alichuma mpaka akafika mwisho wa mstari, akamimina majani kwenye kapu.

"Nilijuanga," akasema. "Mama aliniambia nikiwa darasa la nne."

"Na mbona hukuniambia kwamba unajua?"

"Wewe ulikuwa hujasema."

Akarudi kwenye mstari mwingine. Jioni alinibebea kapu mpaka kituoni, akaniita dada kama siku zote.

Mama alikufa akiwa mzee, kitandani mwake, mkono wa yule mtoto chini ya kichwa chake. Huku kwetu marehemu hazikwi bila historia yake kusomwa, na kazi ya kuiandika hupewa mwalimu wa ukoo. Ilikuwa yangu. Huandikwa watoto kwa kufuatana, kisha wajukuu, kila kundi chini ya mzazi wao. Nilikaa kwenye meza uwanjani asubuhi ya mazishi, watu wanapanga viti, na nilipofika kwenye orodha ya watoto kalamu ikasimama. Yeye alikuwa anapita na benchi begani. Nikamwita.

"Wewe nikuandike wapi?"

Alielewa. Aliweka benchi chini, akasoma nilipofikia. Alikuwa mtu mzima sasa, na sura yake, Mungu anisamehe, ilikuwa yangu tupu.

"Andika vile uliambia yule Mzungu," akasema. Mama alikuwa amemsimulia hata hilo, ingawa hakujua Kizungu. Hakusema kwa uchungu. Alisema polepole, kama mtu anayenisaidia kupata neno, akanishika bega kidogo, akabeba benchi lake akaenda.

Niliandika. Niliisoma mwenyewe kaburini, kwa sauti ya darasani. Niliposoma kitinda mimba alisimama mahali pake penye kichwa cha jeneza, na watu wakamwonea huruma, kwa maana wa mwisho ndiye huumia zaidi. Kisha nikasoma wajukuu. Nikasoma wa kaka, wakasimama, kundi kubwa. Nikasoma wa dada. Nilipofika kwangu nilisoma jina langu nikageuza karatasi, maana chini yake nilikuwa nimeandika hakuna.